Kulewa Bahari Kusikate Udugu



Likizo inakaribia, na jamaa zetu wa Kitui na Makueni wameanza kuulizia njia ya kuteremka pwani. Wapo miongoni mwao waliooza mabinti zao huku, na wapo wajukuu ambao nyanya zao hawajawatia machoni kwa sababu moja tu: safari huwachafua moyo.

Tunamjua mama mmoja wa Kitui ambaye bintiye ameolewa kisiwani Wasini. Alikuja mara moja, akatapika garini kutoka Kibwezi hadi Voi, kisha akatapika tena chomboni alipovuka kutoka Shimoni. Akaapa kutorudi. Vidonge havitaki, kwani humlaza mchana kutwa, na tayari anatumia dawa nyingine. Miaka minne ikapita. Udugu ulikuwa ukilegea, si kwa chuki, bali kwa kichefuchefu.

Mkwewe ni nahodha wa chombo kinachowapeleka wazamiaji na watalii kwenye matumbawe ya Kisite. Siku moja alimpigia simu, akamwambia, "Mama, huu si unyonge wako. Bahari humlevya hata baharia." Na kweli. Nelson, jemadari mashuhuri wa majeshi ya bahari ya Uingereza, aliteswa na maradhi haya licha ya kuishi merikebuni.

Sababu yake ni hii. Ndani ya sikio mna vijirija vyenye majimaji vinavyoupasha ubongo habari za kila mtikisiko. Ukiinamia simu au kitabu, au ukijifungia chumbani mwa chombo, jicho husema umetulia na sikio husema unakwenda. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na mwili hujibu kwa jasho la baridi, mate mengi na kutapika. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili huathirika zaidi, na akina mama kuliko wanaume, hasa wajawazito.

Basi dawa ya kwanza ni kulipatanisha jicho na sikio. Chomboni, keti katikati, karibu na usawa wa maji, ambapo mrusho ni mdogo kuliko omoni. Tazama mbele, pale mbingu inapokutana na bahari. Kaa penye upepo, mbali na moshi wa mashine. Ukizidiwa, lala chali na ufumbe macho, uvute pumzi taratibu. Nahodha yule husema kwamba wageni wengi hawalewi chombo kikienda, bali kikitia nanga na kuyumba papo hapo. Kwa hiyo wazamiaji wavae vifaa vyao mapema, wasikae wakiinamia mikoba. Lakini aliyekwisha kutapika na kuishiwa nguvu asiteremke majini.

Garini, keti mbele. Katika treni ya Madaraka, inayosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, chagua kiti kinachotazama mwendo.

Kuhusu chakula, usisafiri na njaa wala shibe. Kipande cha mkate au ndizi chatosha. Mahamri yenye mafuta na mchuzi wa nazi vingoje ufike. Kunywa maji kidogo kidogo. Tangawizi iliyotafunwa huwafaa baadhi ya watu. Mjamzito, au mwenye kutapika bila kukoma, amwone daktari.

Chagueni pia majira. Kusi huivuruga bahari, hasa Juni hadi Agosti. Kaskazi huja na maji matulivu zaidi, na asubuhi hushinda alasiri. Chukueni kopo lenye kifuniko, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, Kisite ikiwemo.

Wengi hutuuliza kuhusu ibada. Katika madhehebu yetu ya Shafi, matapishi hayavunji udhu, lakini ni najisi. Kinywa na nguo vitoharishwe kabla ya sala. Anayeshikwa na kizunguzungu chomboni hata asiweze kusimama, na aswali ameketi. Dini yetu ni nyepesi, na msafiri amepewa ruhusa zake.

Yule mama alikuja Novemba. Alipanda treni Kibwezi, akaketi mbele katika gari la kwenda Shimoni, akavuka asubuhi mapema, macho yakiwa kisiwani. Moyo ulimchafuka kidogo, hakutapika. Bintiye alikuwa akimngoja ufukweni, na mjukuu wa miaka mitatu, aliyekuwa akimjua kwa sauti ya simu tu, alijificha nyuma ya buibui la mamake, kisha akatoka kumwamkia.

Enyi wenye wakwe na wazazi bara, waiteni, na muwafunze haya kabla hawajapanda gari. Wabillahi tawfiq.