HAMALI NDANI YA NEVA

Mpenzi msomaji, hebu tikisa kidole gumba cha mguu. Neva inayokitikisa huanzia kwenye uti wa mgongo, na kwa mtu mzima hufikia urefu wa mita moja hivi. Protini zake nyingi hutengenezwa huko juu, karibu na kiini cha seli. Je, huku chini hufikaje? Zikiachwa zielee zenyewe, zitachukua miaka na mikaka.

Kumbe kuna hamali! Jina lake ni kinesini, na iligunduliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, waliokuwa wakichunguza neva za ngisi huko Marekani.

Umbo lake lina sehemu tatu. Upande mmoja kuna vichwa viwili, na ajabu ni kwamba vichwa hivyo ndivyo miguu yake! Katikati kuna shina la nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba ya katani. Upande wa pili kuna mkia unaoshika mzigo. Barabara yake ni mrija uitwao mikrotubuli, wenye kipenyo cha nanomita 25. Milimita moja ni nanomita milioni moja, basi jionee!

Kila kichwa hushika barabara na pia hupokea nishati, yaani ATP. Kichwa cha mbele kikipokea ATP, uzi mfupi shingoni hujilaza mbele na kukivuta kile cha nyuma kipite. Hatua moja humsogeza hamali nanomita 8 na kutumia ATP moja. Siri ni hii: vichwa hupokezana, kimoja kikishikilia barabara wakati mwenzake anapovuka. Vyote vikibanduka pamoja, safari imekatika. Mita moja ni hatua milioni 125, za mahamali wengi wanaopokezana, na mizigo ya kasi huweza kufika kwa siku tatu hivi.

Sasa, wako watu waliozaliwa na kasoro katika jeni ya KIF5A, inayotengeneza kinesini mojawapo. Miguu yao hukakamaa polepole, kwani neva ndefu ndizo hutaabika kwanza. Majirani nao husema eti amerogwa. La hasha! Hamali wake ndio walioshindwa na kazi.

Basi ndugu yangu, ukimwona mwenzako akitembea kwa shida, usimcheke. Hujafa hujaumbika.