UFAFANUZI KUHUSU MAKAAZI MAPYA YA HANANG

Wananchi wanafahamishwa kwamba tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Disemba, 2023, na kuua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani, halikutokana na volkano. Wataalamu wa Serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka.

Kwa sababu hiyo waathirika hawakujengewa palepale. Wanaoikumbuka Ng'ambo, ambako baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba za udongo zilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani, wataona tafauti: huko iliyokuwa mbovu ni nyumba, Hanang ni ardhi yenyewe.

Nyumba 109 zilijengwa Waret, kata ya Mogitu, baadhi na Serikali, nyengine na Chama cha Msalaba Mwekundu, zikakabidhiwa Disemba, 2024.

Makaazi ya namna hii hukusanya mchuuzi, mkulima na mtumishi mtaa mmoja, na haja zao si moja. Asiyepata usafiri wa kufika sokoni au shambani hushawishika kurudi kwenye kiwanja chake cha zamani, nacho kingali katika njia ya tope.