Mkojo mweusi baada ya kumeza dawa

Ndugu mfanyakazi wa Butembo na Beni, chembe nyekundu za damu yako zinalindwa na enzimu iitwayo G6PD. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mtoto mwanaume huirithi kwa mama, ambaye pengine hajaugua kamwe. Mwenye kasoro hiyo anachimba mwaka mzima bila taabu, lakini akimeza primakini ama dapsoni, chembe zinapasuka. Wataalamu wa Marekani waligundua hivyo mwaka 1956. Hata Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa mwaka 2008 kwa sababu hiyo.

Ukiona mkojo mweusi kama kahawa na macho ya manjano, acha dawa, kimbia hospitali, beba vidonge umwonyeshe daktari. Na wewe mama, usiweke naftalini katika nguo za mtoto mchanga: mwenye kasoro, damu yake hupasuka vilevile.