Urefu wa Viteuzi katika Maandishi ya CSS

CSS ni lugha ya kuieleza kompyuta namna ya kuupamba ukurasa wa intaneti: rangi, ukubwa wa herufi na nafasi. Toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 1996. Kila amri yake ina sehemu mbili: kiteuzi, yaani maneno yanayotaja kitu cha kupambwa, na sifa ambazo kitu hicho huvikwa.

Kiteuzi chaweza kuwa na viungo vingi, mfano wa mfuatano wa -a ya uhusiano katika Kiswahili: "mlango wa nyumba ya kijiji cha Wilaya ya Nachingwea ya Mkoa wa Mtwara". Hapa pana viungo vitano. CSS huvipanga kinyume, mkoa mwanzo na mlango mwisho; lakini kivinjari huanza kutafuta kwenye mlango, ndipo kikapanda hata mkoa. Basi kusoma kwake hufuata utaratibu wa Kiswahili.

Ila ya kiteuzi kirefu ni kutegemea mambo yasiyo ya lazima. Mwaka 1971 Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara, na Nachingwea ikaingia Lindi. Tangu hapo maelezo yale hayapati mlango wowote, ilhali mlango haukusogea. "Mlango wa nyumba ya bonde la Mbwemkuru" yangalibaki kweli. Kadhalika, ukurasa wa kamusi ukipangwa upya, vidahizo huweza kupoteza mapambo yao, msomaji asitambue neno liishiapo na maana ianziapo.

Ila ya pili ni uzito. Amri mbili zikigongana, kwa kawaida kiteuzi kizito hushinda. Basi atakaye kukitangua kirefu huandika kirefu zaidi, na mashindano hayaishi.

Dawa yake ni programu ya ukaguzi. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs aliandika programu ya kukagua lugha ya C, akaiita lint, yaani vinyuzi vinavyoganda nguoni. Kwa CSS iko Stylelint: hupewa kikomo, tuseme viungo vitatu, nayo hukitaja kila kiteuzi kinachozidi.

Lakini kuhesabu si kufahamu. Kitambulisho kimoja hushinda majina ya jamii hata yakiwa mengi, kwa hiyo kiteuzi kifupi chaweza kuwa kizito kupita kirefu; hapana budi uzito nao uwekewe kikomo. Programu huonyesha palipozidi; kuamua kiungo kipi kibaki, mto au mkoa, ni kazi ya mwandishi.