Mama wa Buyenzi Awasahihisha Majagina

Jioni moja ya mwezi wa Mei, mwaka 2022, mtoto wa kiume wa miaka minane alijifunga kitenge cha mama yake shingoni, akapanda juu ya ukuta wa uani katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, akanyosha mikono mbele kama alivyomwona Superman kitabuni, akaruka. Hakupaa. Aliangukia kiwiko, mfupa ukavunjika, na usiku ule mama yake alikesha naye hospitalini. Alipoulizwa sababu ya kufanya vile, mtoto alijibu kwamba alitaka kwenda Somalia kumchukua baba.

Baba alikuwa huko kweli. Burundi ilianza kupeleka askari wake Somalia mwezi wa Desemba 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Siku chache kabla ya mtoto kuruka, yaani tarehe 3 Mei, kambi ya askari wa Burundi huko El Baraf ilikuwa imeshambuliwa na Al-Shabaab. Familia za askari zinazikumbuka siku zile: simu ikilia mtu huiogopa, isipolia huiogopa zaidi. Ile ya Buyenzi ililia siku ya nne, na aliyesema alikuwa mwenyewe baba, akiwa salama katika kambi nyingine. Mtoto, kwa masikio yake, alikuwa amesikia yote yaliyonong'onwa na wakubwa katika siku hizo nne.

Mzazi mwingine angevichoma vile vitabu vya picha. Vilikuwa vichache na kuukuu, vya lugha ya Kifaransa, vilivyopita mikono mingi kabla ya kufika nyumba ile. Mama huyu, ambaye ni mshonaji wa nguo, aliona ni haki kumsikiliza mshtakiwa kwanza. Akavisoma vyote, akaazima vingine, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekuwa shabiki, tena shabiki mbishi, anayeweza kusimamisha cherehani ili amalize hoja.

Lawama yake kubwa ni juu ya kifo. Superman, aliyebuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, na kutokea mara ya kwanza mwaka 1938, aliuawa katika toleo la Novemba 1992. Mwaka uliofuata akarejea, mzima wa afya. Captain America alipigwa risasi mwaka 2007, na ilipofika 2009 alikuwa amerudishwa. Kwa maoni ya mama huyu, kumwambia hayo mtoto wa askari ni kumlaghai. Anayemsifu ni Gerry Conway, mwandishi wa mkasa wa Spider-Man wa mwaka 1973, ambamo msichana Gwen Stacy anatupwa kutoka darajani. Utando wa Spider-Man unamwahi kabla hajafika majini, na hata hivyo anafariki. Mama aliisomea familia hadithi hiyo polepole. Mtoto alilia, akauliza maswali mengi, kisha akalala. Hakuomba tena kitenge.

Ndipo ilipoanza kazi ya daftari. Kugeuza visa si jambo geni katika fani hii, kwani mwaka 1977 kampuni ya Marvel ilianzisha mfululizo mzima uitwao What If, ambao kila toleo lake huuliza ingekuwaje kama jambo fulani lingetokea kwa namna nyingine. Mama naye akauliza ya kwake, jioni kwa jioni, akiandika kwa Kiswahili huku mtoto akichora kwa mkono uliopona.

Swali la kwanza lilikuwa la Lois Lane. Bibi huyu yumo katika hadithi za Superman tangu toleo la kwanza la 1938, lakini kwa miaka mingi alifichwa jina halisi la mtu aliyempenda. Ndoa yao ilifungwa mwaka 1996. Katika daftari la Buyenzi, Lois ndiye msimulizi. Superman haonekani ila anapoondoka na anaporudi. Katikati yake mna kodi ya nyumba, homa ya mtoto, na jirani anayeuliza kila asubuhi kama kuna habari. Kisa hicho hakina adui hata mmoja, na shangazi wa mtoto alipokisoma alisema ndicho kinachotisha kuliko vyote.

Swali la pili lilimgusa zaidi. Black Panther, mfalme T'Challa wa nchi ya kubuni ya Wakanda, aliletwa duniani na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, na filamu yake ya mwaka 2018 ilishangiliwa pote Afrika. Mama aliitazama kwa jirani. Aliyapenda mavazi yake, akashangaa kidogo kusikia watu wa nchi inayowekwa Afrika Mashariki wakisema Kixhosa cha kusini. Lakini kuna mahali mmoja wa wakuu wa Wakanda anaonya kwamba wakimbizi wakiruhusiwa kuingia wataleta na shida zao. Hapo mama alinyamaza. Yeye alivushwa mpaka wa Manyovu akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, na akarudi Burundi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2012. Kiswahili anachoandikia daftari lile alikijua huko.

Kwa hiyo Wakanda yake ina kituo cha mpakani, na kituoni yupo askari mmoja wa zamu. Mwanamke anafika usiku na watoto wawili. Amri inasema nchi isionekane. Watoto wana kiu. Kurasa kumi na moja zinapita askari akiwaza, na T'Challa anapofika hatimaye hapigani na mtu: anavua barakoa na kuhesabu madumu ya maji. Madini ya vibranium, mama anasema, hayachemshwi yakanyweka.

Kuhusu majumba yanayobomolewa katika mapigano ya majagina, hana mengi. Aliliona soko kuu la Bujumbura likiteketea tarehe 27 Januari 2013, naye ndiyo kwanza amerudi, na tangu hapo haoni ladha katika picha za miji inayowaka. Anakubali kwamba Marvel yenyewe ilitoa mwaka 1989 hadithi za Damage Control, kampuni inayosafisha mji baada ya vita, zilizoandikwa na Dwayne McDuffie. Lakini anauliza kama yumo aliyelipwa vitambaa vyake.

Ugomvi uliosalia nyumbani ni wa Gustave, yule mamba mkubwa wa mto Rusizi ambaye Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma asifaulu. Mtoto anataka Superman amshike mkia na kumrusha mwezini. Mama ameandika vingine: jagina anawauliza wanawake kwa nini huteremka mtoni, kisha anachimba mtaro na kuleta bomba la maji hadi kijijini, na Gustave anabaki na samaki wake. Mtoto amelalamika kwamba hamna ngumi hata moja.

Baba, aliyerudi mwaka 2023, aliombwa kuamua. Alilisoma daftari lote kwa usiku mmoja, akasema kwamba huko alikokuwa siku nyingi zaidi zilikwenda katika kujaza mifuko ya mchanga na kungojea maji. Mtoto alimsikiliza kwa heshima. Kesho yake pambizoni mwa ukurasa wa bomba alionekana mamba mdogo wa kalamu nyekundu, akiwa angani, mkia juu, njiani kwenda mwezini. Mama hajamfuta.