Umekuta kinda wa ndege peke yake? Subiri kabla ya kumchukua

Mvua zinapoanza, ndege wengi hutaga na kulea, na makinda huonekana kila mahali kwenye makazi: chini ya miti, karibu na bomba la maji, katikati ya mahindi. Watoto huwaokota na kuwaleta nyumbani, mara nyingi kwa huruma. "Mama yake amekufa," wanasema. Kwa kawaida mama hajafa. Yuko juu ya mti ulio karibu, ana mdudu mdomoni, anangoja watu waondoke.

Makala hii inawahusu hasa wakazi wa makazi ya Nakivale na wenyeji wa vijiji vinavyozunguka ziwa, wilayani Isingiro, Uganda. Hapa kuna ndege mmoja ambaye ukimchukua kinda wake unaweza kupata matatizo makubwa na sheria. Tutafika kwake. Kwanza tuwaangalie ndege wadogo tunaokutana nao kila siku: kwera wa manjano wanaosuka viota vinavyoning'inia, shomoro wa chini ya mabati, njiwa na wengine.

Jambo la kwanza ni kumtazama vizuri kabla ya kumgusa. Je, ana manyoya? Kama ana manyoya, mkia wake bado ni mfupi, na anarukaruka chini bila kuruka mbali, huyo hajapotea. Ametoka kwenye kiota kwa wakati wake na anajifunza. Wazazi wake wanaendelea kumlisha hapo chini kwa siku kadhaa. Mwache. Kama yuko njiani ambapo pikipiki zinapita, au kuna paka na mbwa, msogeze hatua chache hadi kwenye kichaka au tawi la chini, kisha ondoka. Usimpeleke mbali, kwa maana wazazi wanamtafuta kwa kufuata sauti yake.

Kama hana manyoya, au macho bado yamefumba, huyo ameanguka. Tafuta kiota chake na umrudishe. Wengi wanaamini kwamba kinda akiguswa na mtu, mama yake atanusa harufu na kumkataa. Si kweli. Ndege hawaachi watoto wao kwa sababu ya harufu ya mikono yetu. Kinachowazuia kurudi ni watu wanaosimama hapo kutazama.

Kiota kikiwa kimeanguka chote, jambo la kawaida baada ya upepo mkali, tengeneza kingine. Kata sehemu ya chini ya kidumu kidogo cha plastiki, toboa matundu ili maji ya mvua yatoke, weka majani makavu, na ukifunge kwenye mti uleule, kivulini. Mweke kinda ndani, rudi nyuma hadi mahali ambapo ndege hawakuogopi, na utazame kwa saa moja au mbili. Ukimwona mzazi akiingia na kutoka, kazi imekwisha.

Usimpe maziwa wala mkate, na zaidi ya yote usimmiminie maji mdomoni. Tundu la kupumulia la ndege liko kwenye ulimi, nyuma kidogo tu, na maji yanaingia kwenye mapafu kwa urahisi. Makinda wengi waliookotwa wakiwa wazima hufa kwa njia hiyo, mikononi mwa watu wenye nia njema. Maji wanayohitaji huyapata ndani ya wadudu wanaolishwa na wazazi.

Na kama ni yatima kweli, yaani umewaona wazazi wamekufa, au umetazama kwa mbali nusu siku na hakuna aliyerudi? Kwa ndege wadogo wa kawaida, tuseme ukweli: hakuna kituo hapa karibu cha kuwalea, na hata porini makinda wengi hawafikishi mwaka. Mweke kivulini, juu, mbali na paka. Waelezeni watoto hivyo pia. Mtoto aliyeokota kinda hastahili kugombezwa, lakini asimfunge kamba mguuni na kumfanya mchezo.

Kinda wa korongo: usimpeleke nyumbani

Sasa tumfikie yule ndege. Ni korongo mwenye taji, anayeitwa entuuha kwa Kinyankole na umusambi kwa Kinyarwanda na Kirundi. Ndiye aliye katikati ya bendera ya Uganda. Idadi yake imeshuka sana, na tangu 2012 amewekwa duniani kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Mabwawa na vinamasi vya Ziwa Mburo na Nakivale, ambavyo tangu 2006 vinatambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ni makazi yake pia.

Korongo hutengeneza kiota chini, kwenye nyasi za kinamasi. Makinda wake hutoka kwenye kiota mapema sana na kuwafuata wazazi kwa miguu, ingawa hawataweza kuruka kwa miezi miwili au mitatu. Wakiona hatari hulala kimya kwenye nyasi huku wazazi wakisogea mbali. Kwa hiyo anayekata nyasi au kulima kando ya kinamasi anaweza kumkuta kinda amelala peke yake na kudhani ametupwa. Hajatupwa. Mwache hapohapo, wazuie mbwa na watoto, na urudi kazini upande mwingine. Kama kuna kiota chenye mayai, acha nyasi zinazokizunguka bila kuzikata.

Tunajua wakulima wana malalamiko, kwa sababu korongo hufukua mbegu za mahindi na karanga zilizopandwa karibuni. Malalamiko hayo ni ya haki. Kulinda shamba siku za kwanza hadi mimea ishike kunasaidia. Kuchukua makinda hakurudishi mbegu.

Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019, kumiliki mnyama au ndege wa porini bila kibali ni kosa. Kwa makosa mazito zaidi dhidi ya viumbe walio hatarini, adhabu inafika hadi kifungo cha maisha. Sheria haiulizi kama wewe ni mkimbizi au mwenyeji. Mtu akikuahidi pesa kwa yai au kinda wa korongo, fahamu kwamba atakayekutwa na ndege mkononi ni wewe, si yeye.

Hata anayetaka kumfuga kwa upendo anamharibu. Kinda wa korongo hula wadudu, minyoo na vyura wadogo, na posho peke yake haijengi mifupa yake. Akikulia kwa watu, huwafuata watu na hajui kuishi na korongo wenzake. Rwanda wamepitia hayo. Kuanzia 2014, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake, pamoja na serikali, waliwaomba watu waliofuga korongo majumbani na hotelini wawatoe. Zaidi ya 200 walitolewa. Walioweza kuishi porini walipelekwa Hifadhi ya Akagera, na wale waliovunjika au kukatwa mabawa wanatunzwa Umusambi Village, Kigali, kwa kuwa hawataruka tena.

Ukimkuta korongo ameumia, au kinda ambaye wazazi wake wameuawa, usimbebe. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 au wa RWC, au ofisi ya OPM, ili wawaite askari wa wanyamapori wa UWA. Hifadhi ya Ziwa Mburo iko jirani.

Ukikuta ndege waliokufa

Ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, au ndege mkubwa anayetetemeka na kupinda shingo, usimguse kabisa, wala usimle. Januari 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa hapa Uganda kando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini na pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Wazuie kuku na watoto wasifike mahali hapo, na umjulishe daktari wa mifugo wa kata au VHT siku hiyohiyo. Kama ulishagusa, osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au kuwalisha kuku wako, na ukipata homa au kikohozi siku zinazofuata, nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba ulishika ndege.