Jina Lililochafuka Lasafishwaje?

Leo tumfikirie kijana wa Galbet aliyetoka gerezani. Kifungo amekimaliza, lakini kila aombapo kazi hudaiwa cheti cha tabia njema. Alama za vidole vyake hupelekwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, na hukumu ya zamani hujitokeza. Je, deni moja atalilipa mara ngapi?

Katika Kenya zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni rufani. Aliyehukumiwa na mahakama ya chini anazo siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo iko hapo Garissa. Akichelewa kwa sababu nzuri, yaweza kumsikia. Akishinda, hatia hutenguliwa. Hata muda ukipita, ukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu, Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 chamruhusu kuomba kesi isikizwe upya.

Ya pili ni msamaha wa Rais, kwa Kifungu cha 133. Mtu yeyote aweza kumwombea mwenzake. Kamati ya ushauri hulipima ombi, na yaweza kuwasikiliza hata waliokosewa, kisha humshauri Rais. Hiyo ni rehema, si haki ya kudai.

Hapo ndipo sisi tunapoitwa. Paulo alimwandikia Filemoni kwa ajili ya Onesimo, akajitolea kulipa deni lake. Nasi tuandike barua, tumsindikize ndugu mahakamani, tumpe kazi kwetu hata kabla karatasi haijasafishwa. Bwana atusaidie. Amina.